Nguzo za Ua Zisimame Wima

Nguzo ya ua ni kitu kidogo, lakini ikianguka usiku, ng'ombe huwa wamekwisha kula mahindi ya jirani kabla ya alfajiri, na watu waliokuwa wakisaidiana kuchuma chai huanza kushtakiana. Katika nchi ya Wakipsigis desturi ya kuzungushia mashamba ua ilianza hata kabla ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Kwa hiyo kazi hii si ngeni. Lililo gumu ni kuzifanya nguzo zidumu mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila mwezi.

Adui wa nguzo ni maji yasiyoondoka. Mti huanza kuoza pale unapotokeza ardhini, kwa kuwa hapo unyevu na hewa hukutana na kuvu hustawi. Basi mkulima achague mtarakwa, au mkaratusi uliotiwa dawa. Mkaratusi usio na dawa huoza upesi. Ikiwa nguzo yenye dawa haina budi kukatwa, upande uliokatwa uwe juu, nao ukatwe mshazari ili maji yatiririke.

Kwa nguzo ya futi 7, shimo liwe la futi 2 au zaidi, kuta zake wima. Chini pashindiliwe, kisha zitiwe kokoto kiasi cha inchi 4. Penye udongo wa mfinyanzi kokoto pekee hazitoshi. Uchimbwe pia mfereji mdogo upande wa juu, wa kuyageuza maji ya mlimani.

Nguzo ipimwe pande mbili kwa timazi, yaani jiwe lililofungwa kwenye uzi. Hata kwenye mteremko na iwe wima, isifuate mlima. Udongo urudishwe kidogo kidogo, na kila tabaka lishindiliwe kwa mtaimbo kabla ya kutia jingine. Wengi hujaza shimo mara moja na kukanyaga juu tu. Chini hubaki laini, na mvua za Aprili huilaza nguzo. Mwisho udongo uinuliwe kuizunguka kama kichuguu kidogo. Anayetumia saruji naye asiiache ikawa bakuli la kukusanya maji.

Nguzo za pembeni zitiwe mihimili, maana ndizo zivutwazo na seng'enge.

Ashindiliaye kwa haraka atachimba tena mwakani, na huenda akalipa mahindi ya mwenzake. Ashindiliaye kwa subira atalala usingizi, na mpaka wake hautamgombanisha na mtu.