Mtoto wa Mtoni Akiambiwa Asiogelee

(Mazungumzo yetu na vikundi vya kujisaidia vya Kitale na Bungoma)



Leo hatutaongea juu ya kuku wala mikopo ya kikundi. Tutaongea juu ya sikio linalotoa usaha. Tunajua wengine wenu mtasema, "Hiyo si kitu, mtoto akikua itaisha." Hebu tusikilizane kwanza.

Upande wa Bungoma, karibu na mto Nzoia, tulimjua kijana wa miaka 11. Kwa kuogelea aliwashinda wenzake wote. Lakini sikio lake la kushoto lilikuwa limetoa usaha kwa miezi mingi. Darasani watoto walihama dawati lake kwa sababu ya harufu. Mwalimu alidhani ana kichwa kigumu, kumbe hasikii vizuri. Mama yake akampeleka zahanati, akapewa dawa ya matone na kuambiwa mtoto asiingie mtoni. Sisi tulipowatembelea tulirudia maneno yale yale, tukaandika kwenye daftari letu, tukaenda zetu.

Baada ya wiki moja tukamkuta majini. Tukamkaripia mbele ya wenzake. Hapo tulikosa. Ni nani aliyepeleka ng'ombe kunywa maji kila jioni? Ni yeye. Kazi yake iko mtoni, raha yake iko mtoni, na sisi tulimkataza mto bila kumwambia sababu.

Sababu ni hii. Ndani ya sikio kuna ngozi nyembamba, imewambwa kama ya ngoma. Ugonjwa ukiitoboa, maji ya mto hupita kwenye tundu na kuingia na uchafu wake, na usaha huanza upya. Kutia dawa asubuhi na kuogelea jioni ni kama kuanika mahindi kwenye mvua.

Kukausha sikio nyumbani tunafanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Sokota kitambaa safi cha pamba, au karatasi laini isiyokatika, kiwe kama utambi wa taa. Usitumie kijiti.
3. Kiweke sikioni taratibu. Kikilowa, kitoe, weka kingine kisafi, mpaka kitoke kikavu.
4. Ndipo utie matone uliyopewa. Fanya hivyo angalau mara 3 kwa siku, kwa siku zote ulizoambiwa.
5. Usiache utambi sikioni. Usitie mafuta ya kupikia wala maji ya majani.

Wakati wa kuoga, ziba sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka, kisha uitoe.

Msifikiri kukausha peke yake kunatosha. Utafiti uliofanywa kwa watoto zaidi ya 500 wa shule za msingi huko Kiambu, ukachapishwa mwaka 1996, ulionyesha hivi: waliokaushwa na pia kupewa dawa, usaha uliisha kwa 51 kati ya 100 baada ya wiki 16. Waliokaushwa tu ni 22 kati ya 100, sawa na wale ambao hawakutibiwa. Kwa hivyo zahanati ni lazima.

Tulirudi kwa yule kijana, safari hii tukakaa chini naye. Tukamuuliza shida iko wapi. Akasema, "Nikikaa kando watasema naogopa maji." Hilo hatukuwa tumelifikiria. Mama mmoja wa kikundi akajitolea mwanawe apeleke ng'ombe. Kijana mwenyewe akachagua kuwa mwamuzi wa mashindano: anakaa juu ya jiwe na kutangaza nani ameshinda. Wenzake hawabishani naye, kwa maana wanajua yeye ndiye bingwa.

Wiki ya tatu utambi ulitoka mkavu. Lakini sikio kukauka si kusema tundu limeziba. Huyu wetu bado lipo, na bado hajarudi majini. Kila tukifika anauliza, "Lini?" Tunamjibu, daktari akiona ngozi imefunga. Isipofunga, kuna upasuaji wa kuiziba katika hospitali kubwa. Si jibu analolipenda, lakini sasa anajua sababu.

Mkiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, homa kali, kichwa kuuma sana, au uso kupinda upande mmoja, msingojee matone. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:

– Ni watoto wangapi katika boma zetu wanatoa usaha sikioni, na tumenyamaza?
– Mtoto akikatazwa mto, ni nani atachukua kazi yake ya mtoni?
– Je, tumemwuliza mtoto mwenyewe?