Nyumba hii haile nini? Kuishi na ugonjwa wa seliaki hapa Naviundu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba wa chama na wafadhili wetu, Naviundu



Nimeombwa kusema juu ya ugonjwa mmoja wenye jina ngumu: seliaki. Najua wengi mnajiuliza: tuko na malaria, tuko na maji mabaya, juu ya nini tupoteze saa moja kwa ugonjwa ya Wazungu? Nitajibu mara moja. Ndani ya chama chetu hatukutoka pahali pamoja. Wako wenye walirudi kutoka kambi za Zambia, Kala na Mwange, kati ya 2007 na 2010. Wako wenye walitoka Afrika ya Kusini. Wako wenye walikaa Ubelgiji ama Ufaransa, wakazaa watoto kule, docta wa kule akawapima na kuwaandikia karatasi. Karatasi ile inarudi nao ndani ya valizi. Na sisi, mtu akifika, kitu cha kwanza tunamupa ni mkate. Njo maana tuko hapa.

Seliaki ni nini

Seliaki si kuchagua chakula, na si ile aleji yenye inavimbisha midomo mara moja. Ndani ya ngano, ile bunga ya mikate, muko kitu kinaitwa gluteni. Njo inafanya donge la mkate livutike kama mpira. Iko pia ndani ya shayiri, ile nafaka ya kupikia bia, na ndani ya nafaka moja ya Ulaya inaitwa rai.

Kwa mtu mwenye seliaki, gluteni ikifika ndani ya utumbo, askari wa mwili wanaamka. Lakini pahali pa kupiga adui wanapiga utumbo wenyewe. Ndani ya utumbo mwembamba muko vinyuzi vidogo sana, kama manyoya ya taulo mpya. Vile vinyuzi njo vinanyonya nguvu ya chakula. Vikipigwa kila siku vinalala, utumbo unakuwa kama taulo yenye imechakaa. Mtu anakula, anashiba, lakini chakula kinapita bure.

Kwa mtoto utaona kuhara kusikokwisha, tumbo kubwa, mikono myembamba, na hakui. Kwa mtu mzima ni damu kupunguka, uchovu, mifupa kuwa dhaifu, wakati mwingine mimba kutoka. Na wako wenye tumbo haliwaumi hata kidogo, lakini ugonjwa uko.

Hauambukizwi. Unapita ndani ya damu ya familia: kama mmoja ako nao, kwa wazazi wake, watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja inakaribia mmoja kwa kumi. Kidonge cha kuuponyesha hakiko. Dawa ni moja tu: kuacha ngano, shayiri na rai kwa maisha yote. Ukiacha kabisa, utumbo unajitengeneza tena, mtoto anaanza kukua. Lakini "kidogo tu" haiko. Kanuni za kimataifa za chakula, za Codex, zinasema chakula kinaitwa "bila gluteni" kama haipiti miligramu 20 ndani ya kilo moja. Kipande kimoja cha mkate kinapita pale mbali sana.

Sasa msikilize vizuri hapa. Sitaki mtu arudi nyumbani akisema kila tumbo kubwa ya mtoto ni seliaki. Hapa kwetu, mtoto akihara na kukonda, kwa kawaida ni minyoo, ni maji, ni kukosa chakula ya kutosha. Seliaki imeonekana mara chache kwa watu wa Afrika ya chini ya Sahara. Kwanza muende kituo cha afya. Na kama docta anashuku seliaki, msimukataze mtoto mkate mbele ya kipimo. Kipimo cha damu kinatafuta wale askari wenye wanapiga utumbo. Ukiacha ngano mbele, askari wanalala, na kipimo kinaweza kusema hakuna kitu. Nyuma ya damu, docta anaweza kuomba kuangalia utumbo kwa mpira wenye kamera na kutoa kipande kidogo. Kwanza kupima, halafu kuacha.

Mkate wenye uliletwa kwa moyo mzuri

Niwapatie historia mbili, juu zinatugusa sisi wenye tunapokea msaada na wenye tunaugawa.

Ya kwanza ni ya Uholanzi. Docta mmoja wa watoto, Willem-Karel Dicke, alianza kushuku ngano tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kuingia, njaa ikawa kali, watu wakakula mpaka vitunguu vya maua. Wengi walikufa. Lakini watoto wenye seliaki, kwa kukosa mkate, walipata nafuu. Vita ikakwisha, mkate ukarudi, na ugonjwa ukarudi pamoja nao. Mwaka 1950 Dicke akaandika kitabu chake cha udocta juu ya jambo hilo, na dunia ikajua kwamba adui ni ngano.

Ya pili ni ya wakimbizi kama sisi: Wasaharawi, wenye wanaishi ndani ya kambi karibu na Tindouf, Algeria, tangu 1975. Chakula chao kikubwa ikawa mkate wa ngano. Mwaka 1999 madocta kutoka Italia walitangaza kwamba kati ya watoto wa Wasaharawi wenye walipimwa, zaidi ya 5 kwa 100 wako na seliaki. Katika dunia inakuwa karibu 1 kwa 100. Damu yao ilikuwa inabeba ugonjwa, na bunga ya ngano ilikuwa inakuja kila mwezi kwa magari ya msaada.

Mkono wenye ulileta ile bunga ulikuwa mkono mzuri. Ila hakuna mtu aliuliza: nyumba hii haile nini?

Chakula yetu ni rafiki

Sasa habari njema. Mtu mwenye seliaki kule Ulaya ananunua mkate wa pekee, biskuti za pekee, kwa bei kali. Hapa Naviundu hana lazima ya vile. Bukari ya mahindi haina gluteni. Bukari ya muhogo haina. Muchele, mtama, ulezi, viazi, ndizi, maharagwe, karanga, sombe, lengalenga, ndakala, mayai, nyama: hakuna. Ile meza ya mama yetu, njo dawa yenyewe.

Mambo mawili tu. Muhogo mchungu ulowekwe na ukauke vizuri, juu ukifanywa haraka sumu yake inaweza kupooza miguu. Kule Kwango ugonjwa ule wanauita konzo. Na bukari peke yake haitoshi. Utumbo wenye uliumia unahitaji kurudisha damu: maharagwe, sombe, ndakala, kila wakati mnapopata.

Mitego iko wapi? Iko hapa:

Semoule. Iko ya mahindi na iko ya ngano, na zote mbili zinapikwa kama bukari. Soma gunia. Kama muuzaji amefungua na anapima tu, usinunue kwa ajili ya mgonjwa.

Gunia ya kutumia tena. Bunga ya mahindi yenye inauzwa kwa meka inaweza kukaa ndani ya gunia lenye lilikuwa na bunga ya mikate. Ni vizuri kununua mahindi na kuyapeleka mwenyewe kwa mashini ya kusaga, na kuuliza kama wanasaga ngano pale.

Mafuta ya mandazi. Samaki haina gluteni, viazi havina, lakini vikikaangwa ndani ya mafuta yenye yalikaanga mandazi, gluteni imeingia. Vilevile mwiko na sahani: kuosha vizuri mbele ya kumupikia.

Vitu vya paketi. Baadhi ya kube za mchuzi, sosi ya soya, sosiji, na karibu kila biskuti. Bia ya chupa kwa kawaida inapikwa na shayiri. Munkoyo wa mahindi na mizizi yake tu hauna shida, lakini uliza mwenye alipika.

Na kuna mtego moja mkubwa kupita yote: mahindi kukosekana. Sisi wote tunajua, bunga nyingi ya Haut-Katanga inatoka Zambia. Mwezi wa pili 2024, Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Bunga ikipanda bei, nyumba inageukia mkate na semoule. Kwa wengine ni kubadilisha ladha. Kwa mgonjwa wa seliaki, ni kurudi lopitali.

Kukataa chakula si kumuita mwenzako mulozi

Hapa njo roho ya maneno yangu. Kuna familia moja, sitataja jina, ilirudi kutoka Ubelgiji na binti wa miaka tisa mwenye seliaki. Siku ya kuwapokea, majirani wakaleta mandazi. Binti akakataa, vile alifundishwa. Sauti moja ikatoka nyuma: "Ule mutoto anatuzarau. Anawaza tutamuloga?" Mama yake akasikia haya. Akamuambia binti akule moja, kwa heshima. Binti akahara juma nzima, na haya ya mama haikukwisha.

Tunajua desturi yetu. Kukataa chakula ya mwenzako ni kumushitaki. Lakini chakula yenye inamuumiza mgeni si heshima tena. Mgeni anaweza kusema: "Mama, aksanti, utumbo yangu haikubali ngano, unipatie bukari." Na mwenye kukaribisha, ajibu tu: "Bukari iko." Basi, yamekwisha.

Iko na upande mwingine mbaya kupita ule. Mtoto anakula sana lakini anakonda, tumbo inakuwa kubwa: kwa wengine ile ni alama ya mtoto mulozi. Tuseme wazi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu mwenye kufanya vile. Kabla ya kumupeleka mtoto kwa maombi ya kufunga na kupigwa, apelekwe kwa docta. Utumbo wenye umechakaa hauna shetani.

Kwa kanisa pia tujue. Hostia ya Katoliki inatengenezwa na ngano. Mwaka 2017 barua ya Vatikano, yenye sahihi ya Kadinali Robert Sarah wa Guinea, ilikumbusha kwamba hostia yenye haina gluteni kabisa haikubaliwi, lakini yenye iko na gluteni kidogo sana inakubaliwa. Na mwenye hawezi hata ile anaweza kupokea divai peke yake. Basi wazazi muongee na padri mbele ya siku ya komunyo ya kwanza, na docta pia, si siku yenyewe mbele ya watu wote. Ndugu zetu Wakimbangu, mkate wao wa karamu unafanywa na mahindi, viazi na ndizi.

Tunaomba mambo matatu

La kwanza, kwa komite: karatasi ya kuandikisha wenye wanarudi iongezwe swali moja tu, "Nyumba hii haile nini?" Litasaidia mwenye seliaki, litasaidia pia mwenye sukari na mwenye karanga inamufunga pumzi.

La pili, kwa wafadhili wetu: hatuombi kifurushi kikubwa zaidi. Tunaomba ruhusa ya kubadilisha. Pahali pa bunga ya mikate na biskuti, familia yenye imeandika "ngano" ipate muchele na maharagwe ya bei ileile. Na kwa wenye wanaleta chakula cha watoto wenye utapiamlo: ile siagi ya karanga ya paketi inafanywa na karanga, maziwa, mafuta na sukari, lakini biskuti za dharura, kama BP-5, ziko na ngano. Tofauti hii iandikwe kwa ukuta wa depo.

La tatu, kwa sisi wote: kila lupango yenye iko na mgonjwa, chama kiweke akiba ya mahindi wakati wa mavuno, wakati bei iko chini. Gunia moja kwa kila mgonjwa. Ukame ukirudi, familia ile isilazimike kuchagua kati ya njaa na mkate.

Kurudi kwenu si kuvuka mpaka wa Kasumbalesa tu, wala kushuka ndege tu. Mtu amerudi siku anapokaa mezani pamoja na wengine, anakula bila woga, na hakuna mtu anamuuliza mara mbili. Sisi tuko na bukari. Kazi yenye inabakia ni kuuliza mbele ya kupakua.

Kama mko na maswali, ndani ya lupango yenu ama juu ya mtoto, mnikute nyuma ya mkutano; nitabakia hapa mpaka wa mwisho asikilizwe.