DISKI ZA BURE ZA MAJARIDA YA MICHEZO, NA VIRUSI VILIVYOPANDA NDANI YAKE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi na ndugu mmoja wa karakana ya mabehewa)



Nimepewa nafasi hii nizungumze juu ya jambo ambalo huenda wengine mtaliona kuwa la watoto, yaani michezo ya kompyuta na zile diski za bure zilizokuwa zikitiwa ndani ya majarida ya michezo hiyo. Nawaomba mnivumilie. Tawi letu lina kompyuta ofisini, na ndani yake mna orodha ya wanachama, hesabu za ada, na nakala za barua tulizowaandikia wakubwa wa kazi. Jambo lolote liwezalo kuharibu kompyuta hiyo si la watoto tena. Ni letu sote.

Kwanza nieleze diski hizo zilikuwa nini. Kabla ya intaneti kuenea, mtu aliyetaka kuonja mchezo mpya hakuwa na njia rahisi ya kuupata. Basi wenye majarida, hasa kule Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, walianza katika miaka ya 1980 kubandika zawadi juu ya jalada. Mwanzoni zilikuwa kanda kama zile za muziki, kisha zikaja diski laini za mraba, na katika miaka ya 1990 zikaja zile za kung'aa ziitwazo CD. Diski laini ilichukua megabaiti 1.44 tu. CD moja ilichukua kama megabaiti 650, yaani mzigo wa diski laini zaidi ya 400. Vijana walinunua jarida kwa ajili ya diski, na habari zilizoandikwa wakazisoma baadaye, au wasizisome kabisa.

Pili nieleze kirusi cha kompyuta ni nini. Hakitoki hewani wala hakizaliwi na vumbi. Ni programu ndogo iliyoandikwa na binadamu, nayo yajua kazi ya kujinakili kutoka faili moja hadi jingine na kutoka diski moja hadi nyingine. Sisi watu wa reli twaweza kukielewa upesi. Ni kama mtu asiye na tikiti aliyejificha ndani ya behewa la mizigo halali. Behewa lina barua zake, lina lakiri yake, na mwenye mizigo ni mtu wa heshima. Lakini mle ndani mmelala mtu ambaye hakuandikwa katika karatasi yoyote.

Sasa nitawapa mambo yaliyotokea kweli, tena kwa miaka yake.

Mwezi wa Desemba 1989, kiasi cha diski 20,000 zilitumwa kwa posta kwenda nchi nyingi. Nyingi zilikwenda kwa watu ambao majina yao yalikuwa katika orodha ya wasomaji wa jarida moja la kompyuta la Uingereza. Diski ziliandikwa ya kwamba zina maelezo juu ya ugonjwa wa UKIMWI. Programu yake ilihesabu kimya kimya mara ambazo kompyuta imewashwa. Ilipofika mara 90, iliyafumba majina ya mafaili yote hata mwenyewe asiweze kuyatumia, ikamtaka apeleke dola 189 kwa sanduku la posta kule Panama. Aliyeshitakiwa kwa jambo hilo alikuwa mtaalamu wa Marekani aitwaye Joseph Popp, ambaye zamani aliwahi kufanya utafiti juu ya nyani hapa hapa Kenya. Alipelekwa Uingereza, lakini hakuhukumiwa, kwa kuwa ilionekana akili yake haikuwa katika hali ya kusimama kortini. Wajuzi hawakiiti kitu kile kirusi hasa, kwa sababu hakikujinakili. Lakini njia yake ndiyo hii ninayoisema: zawadi iliyofika mlangoni bila kuombwa.

Mwaka uliofuata, 1990, jarida jingine la Uingereza, PC Today, lilitoa diski ya bure yenye kirusi kiitwacho Disk Killer. Jarida hilo liliuzwa nakala zaidi ya 50,000. Kirusi kile kilikaa katika sehemu ya diski inayosomwa kwanza mashine inapowaka. Kilingoja mpaka kompyuta iwe imefanya kazi kwa saa 48, ndipo kikavuruga yaliyoandikwa katika diski kuu.

Tuje sasa katika majarida ya michezo yenyewe. Katika mwaka wa 1998 kirusi kiitwacho Marburg kilipatikana ndani ya CD ya bure ya jarida la PC Gamer la Uingereza, na pia katika CD ya PC PowerPlay la Australia. Mwaka huo huo kilipatikana hata katika CD ya mchezo uitwao WarGames, uliouzwa madukani kwa bei kamili. Jina lake latokana na homa ya Marburg, ugonjwa uliojulikana mwaka wa 1967 baada ya wafanya kazi wa maabara huko Ujerumani kuambukizwa na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Kirusi hicho cha kompyuta hakikuwa na haraka. Kilikaa miezi mitatu, halafu kikajaza kioo alama nyekundu za makosa. Tena kilikuwa na tabia ya kubadilisha sura yake, ili wanaokitafuta wasikitambue.

Katika mwaka huo huo wa 1998 kilitoka kirusi kibaya zaidi, CIH, kilichoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan, Chen Ing-hau. Herufi hizo tatu ni za jina lake. Kirusi hiki kilijipenyeza katika nafasi tupu zilizomo ndani ya faili, hata ukubwa wa faili usiongezeke. Kilisambaa kwa michezo ya kuonjwa na kwa programu za wizi, na diski za majarida ya michezo huko Ulaya nazo zilikibeba. Tarehe 26 Aprili 1999 kiliamka. Kilifuta mwanzo wa diski kuu, na katika mashine nyingine kilifuta hata yale maagizo yaliyomo katika chipu, ambayo bila hayo kompyuta haiwezi kuwaka kabisa. Korea ya Kusini na Uturuki ziliumia sana siku hiyo. Mashine ambayo chipu yake ilifutwa ilibaki sanduku tu mpaka fundi aifungue.

Ndugu zangu, mtaniuliza, iliwezekanaje? Wenye majarida hawakuwa wajinga. Walikuwa na mafundi, na walikuwa na programu za kukagua virusi. Sababu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni ile ya stensili. Wazee wa chama walipokuwa wakipiga taarifa kwa stensili, herufi moja ikikosewa katika stensili, ilikosewa katika kila karatasi iliyotoka mashineni, ziwe mia au elfu. Diski za majarida nazo zilitengenezwa kwa mfano mmoja. Mfano ule ukiwa na kirusi, nakala zote huwa nacho. Na CD ni mbaya zaidi, kwa kuwa haifutiki. Mtu aliye nayo mpaka leo ndani ya mtoto wa meza, bado anacho kirusi kile.

Sababu ya pili ni kwamba programu ya kukagua virusi humtambua mwizi ambaye picha yake imekwisha bandikwa ukutani. Mwizi mpya hupita akiamkiwa. Marburg na CIH vilikuwa vipya katika mwaka ule wa 1998. Jarida laweza kuandika ya kwamba diski imekaguliwa, nalo likawa linasema kweli, na kirusi kimo.

Sababu ya tatu ni mikono mingi na haraka. Diski moja ilikusanya programu kutoka kwa watu wengi, na tarehe ya kwenda kiwandani haikungoja mtu. Isitoshe, tangu Windows 95 kompyuta zilianza kuendesha programu ya CD zenyewe mara tu ilipotiwa, kabla mwenyewe hajasema ndiyo au hapana.

Wako watakaosema, "Basi dawa ni kukataza michezo. Virusi vyaletwa na wavivu wanaocheza kazini." Nawajibu kwa heshima. Diski ya 1989 haikuwa ya mchezo, ilikuwa ya afya. PC Today halikuwa jarida la michezo. Na mwezi wa Machi 1999 kompyuta mpya za IBM ziitwazo Aptiva zilitoka kiwandani zikiwa na CIH ndani yake, na mnunuzi hajagusa kitu. Basi kosa si kucheza. Kosa ni kuliamini behewa kwa sababu ya jina la mwenye mizigo. Mkaguzi wa mabehewa hafundishwi kuuliza behewa ni la nani. Hugonga kila gurudumu kwa nyundo, akasikiliza.

Najua ya kwamba diski za majarida zimekwisha pita. Na kusema haki, CIH hakiwezi kuziharibu Windows za siku hizi, kwa kuwa kiliandikwa kwa ajili ya zile za miaka ya 1990. Lakini tabia ile haikupita. Leo zawadi huja kwa flashi inayogawiwa katika mkutano, kwa mchezo wa bure ndani ya simu, kwa programu ya wizi anayotutilia kijana wa dukani. Kirusi cha Conficker kilichotokea mwaka wa 2008 kilitembea kwa flashi pia, kikitumia ile ile desturi ya kompyuta kuendesha kitu chenyewe. Na ile hila ya 1989, ya kufunga mafaili na kudai fedha, imekuwa leo biashara kubwa ya wahalifu, ambayo imefunga hata hospitali za Uingereza katika mwaka wa 2017. Gari limebadilishwa, abiria ni yule yule.

Sasa nafika mahali panapotuhusu sisi kama chama. Mashine ya kazini ikiingia kirusi, ni nani hulipa? Upesi hutafutwa karani mdogo aliyetia flashi, naye huandikiwa barua ya kujieleza. Lakini mmesikia ya kwamba majarida yenye mafundi wao, na kampuni kubwa za dunia, vilipitiwa na virusi. Iwapo hao walishindwa kuviona, kwa haki gani karani ambaye hakufundishwa hata siku moja afukuzwe kazi kwa kutoviona?

Tena adhabu ya namna hiyo yaleta hatari kubwa zaidi. Mtu mwenye hofu huficha. Akiona mashine ina mambo ya ajabu, hunyamaza na kuomba zamu yake iishe, na kirusi hupata usiku mzima wa kutembea. Katika njia ya reli twajua vizuri ya kwamba mtu aliyeona ufa katika chuma lazima aweze kusimamisha gari bila kuogopa kuulizwa kwa nini amelichelewesha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo naomba tawi lipokee mambo manne, na Katibu ayapeleke mbele ya wakubwa wa kazi.

La kwanza, pawe na mashine moja isiyounganishwa na nyingine, ya kukagulia kila diski na kila flashi kabla haijaingia katika mashine za kazi, ziwe zimetoka kwa meneja au kwa mfagiaji.

La pili, hesabu zetu na orodha ya wanachama zinakiliwe kila juma katika diski mbili, na moja ikae nje ya ofisi, imefungiwa. Waliokuwa na nakala mwaka wa 1999 walipoteza siku chache. Wasiokuwa nazo walipoteza kazi ya miaka.

La tatu, mafunzo yatolewe kwa kila mtu anayegusa kompyuta, yatolewe saa za kazi, na kwa mshahara.

La nne, mwenye kutoa habari mapema asiadhibiwe. Hili ndilo kubwa kuliko yote, nami naliomba liandikwe katika mapatano yetu na wakubwa, lisiwe ahadi ya mdomo.

Na nyumbani nako, ndugu zangu, msiwapige watoto kwa kucheza. Kaeni nao. Waulizeni mchezo umetoka wapi na ni nani aliyeuleta. Ukinunua kompyuta ya mitumba yenye furushi la diski za zamani, usizitie ovyo. Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo atakapokuwa karani au dereva, ataulinda mkate wake na wa wenzake.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Zile diski hazikuingizwa nyumbani na mwizi wa usiku. Watu walizinunua wenyewe mchana, wakazibeba kwa furaha. Hatukatai zawadi, lakini twasema nayo ipite kwa mkaguzi.

Bwana Mwenyekiti, naomba sasa wanachama waulize maswali, na baada ya maswali tupige kura juu ya yale mambo manne.