Nauli na Fotokopi Kwanza

Vijana wenzangu wa Kilungu,

Mmeniuliza kikundi chetu cha kutetea haki za watu mitandaoni kitapata pesa wapi. Wengine mnataka tuwaandikie wafadhili wa Nairobi leo leo. Mimi nasema bado.

Angalieni Nubian Rights Forum wa Kibera. Februari 2019 walienda Mahakama Kuu kupinga Huduma Namba. Januari 2020 majaji wakaamua serikali isichukue DNA wala kunakili kwa GPS mahali mtu anapoishi, na mpango usiendelee mpaka kuwe na kanuni kamili za kulinda data. Nguvu hiyo haikuanzia kortini. Kabla ya kesi, wasaidizi wao wa kisheria walikuwa wakihangaika na watu mtaani kutafuta vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Siku ya kesi ilipofika, kulikuwa na watu nyuma yao.

Sasa sisi Waislamu hapa ni wachache. Sawa, lakini programu za mikopo haziulizi dini. Ukichelewa kulipa, wanampigia mama yako, wanampigia mpaka bosi wako. Kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data ni bure, na sheria inampa siku 90 kumaliza uchunguzi. Nunguni nzima, ni wangapi wanajua hilo? Tuanzie hapo: siku ya soko, meza moja, simu yenye bando, na mtu wa kuandika malalamiko.

Watu 20 wakitoa mia kila mwezi ni 2,000. Usicheke. Hiyo ni nauli, fotokopi na bando. Matuta ya milima hii watu waliyachimba kwa mwethya, jembe kwa jembe. Kwa hivyo asiye na mia alete Jumamosi yake moja.

Sheria ya vikundi ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, na tunao. Tujisajili, pesa zikae kwa akaunti ya kikundi, si kwa simu ya mtu, hata awe mimi. Hesabu iwekwe kwa grupu la WhatsApp kila mwisho wa mwezi, hata zikibaki shilingi 40. Mfadhili akija atakuta daftari. Na akitaka tunyamazie kampuni fulani, tutamwambia asante, hapana, kwa sababu nauli yetu haitoki kwake.

Ijumaa baada ya swala nitakuwa nje na karatasi ya majina. Mje na jirani, hata kama si Muislamu.