Maghorofa ya Kileleshwa na Imani ya Wakazi
Suala linalochambuliwa hapa ni uwazi wa Serikali ya Kaunti ya Nairobi katika kuidhinisha maghorofa Kileleshwa, mtaa ambao nyumba zake za chini zenye bustani zimekuwa zikibomolewa kupisha majengo marefu, jambo linalomgusa kila mkazi kwa kuwa maji, majitaka na barabara ni vya wote. Kwanza, ikumbukwe kwamba Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataja uwazi na ushirikishaji wa umma, yaani wananchi kusikilizwa kabla ya uamuzi kupitishwa, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ombi la taarifa lijibiwe ndani ya siku 21. Kwa upande mmoja, wajenzi wana hoja: jiji linahitaji nyumba, na ucheleweshaji hupandisha gharama. Kwa upande wa pili, mkazi anayeliona tingatinga kabla ya kuiona ramani hawezi kuamini kwamba sheria imefuatwa, hata pale ilipofuatwa. Je, kaunti itakubali kutangaza kila kibali, pamoja na sababu zake, kabla msingi haujachimbwa?