Njia ya Mkokoteni na Haki ya Injini



Nimetakiwa niseme machache juu ya sheria na maisha ya vijijini. Sisi watumishi wa idara za ardhi tunajua kwamba ugomvi wa mpaka husikika upesi, lakini ugomvi wa njia huanza kimya kimya. Mfano wangu ni Uingereza, nchi iliyohangaika na jambo hili kwa miaka mingi.

Huko mashambani ziko njia za kale zisizotiwa lami, zenye majani katikati. Zamani zilipita ng'ombe, farasi na mikokoteni. Siku hizi hupita watembea kwa miguu, wapanda farasi na wakulima, na pia wenye pikipiki na magari ya kupanda milima. Hapo ndipo penye ugomvi.

Watembea kwa miguu husema kwamba magurudumu huchimba mifereji wakati wa mvua, maji yakaifuata na kuizidisha, na kwamba kelele huwashtua farasi. Wenye magari hujibu kwamba njia walizobakiwa nazo ni chache, kwamba wengi wao hutii sheria, na kwamba mlemavu asiyeweza kutembea naye ana haki ya kuona milima.

Msingi wa ugomvi ni sheria yenyewe. Kwa desturi ya sheria ya Kiingereza, njia ikishakuwa ya umma haifi kwa kuachwa kutumika. Tena, haki ya mkokoteni ilihesabiwa kuwa haki ya chombo cha magurudumu. Basi ramani ya kale iliyoonyesha kwamba mikokoteni ilipita iliweza kuwa ushahidi wa kumruhusu mwenye pikipiki. Mkulima wa zamani aliacha urithi asioujua.

Sheria ya 1949 iliagiza njia za umma zichorwe katika ramani rasmi. Lakini njia nyingine ziliandikwa kwa jina ambalo halikueleza kama magari yanaruhusiwa au hapana. Utata huo ulidumu zaidi ya miaka hamsini. Ndipo sheria ya 2006 ikaja kufuta, tangu tarehe 2 Mei mwaka huo kwa upande wa England, haki nyingi za magari ambazo hazikuwa zimeandikwa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa.

Hata hivyo mambo hayakwisha. Njia zilizokwisha kuandikwa kuwa za magari zilibaki, na wenye mamlaka hupewa uwezo wa kuzifunga kwa amri, mwaka mzima au kwa majira. Katika njia ya Ridgeway, yenye urefu wa kilomita 139 hivi, ziko sehemu zilizofungiwa magari wakati wa baridi tu, ardhi inapolowa. Kwingine, katika wilaya ya maziwa ya Lake District, wasimamizi wa hifadhi walikataa mwaka 2019 kuzuia magari katika njia mbili. Wapinzani wakaenda mahakamani, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikawaunga mkono wasimamizi.

Nayaona mafunzo mawili. Kwanza, neno lenye utata katika daftari la serikali ni deni wanaloachiwa wajukuu. Pili, kati ya kufungua kabisa na kufunga kabisa ipo nafasi ya kupanga majira, ili kila mtu apate sehemu yake.

Wanafunzi, jambo hili si la Wazungu peke yao. Katika vijiji vyetu bodaboda hupita katika kinjia kile kile anachopita mama mwenye ndoo kichwani na mchungaji mwenye ng'ombe. Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatoa nafasi ya kutenga ardhi ya matumizi ya wote, na Mkutano Mkuu wa Kijiji una sauti katika kuitenga. Siku hiyo ikifika kijijini kwenu, msikae nyuma. Ulizeni kama njia ya kisimani imeandikwa, na kama imeandikwa ni ya miguu, ya mifugo au ya magari.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Ni shauri jema kwa mtu aliye peke yake njiani. Lakini kijiji kilichoandika njia zake vizuri hakina haja ya kumwambia mama mwenye ndoo aingie vichakani.