Tope Liishie Mlangoni

(Mada iliyotolewa kwa wazazi wa Kisesa, Mwanza)

Leo nitazungumzia sehemu ndogo sana ya nyumba zetu: pale mlangoni tunapoingilia.

Hali yetu sote tunaijua. Mvua zikishaanza, udongo wa mbuga hunata mguuni kama gundi. Baba ametoka kwenye majaruba ya mpunga, mama ametoka kisimani, watoto wametoka shule, na kila mmoja anaingia na tope lake. Nyumba zetu nyingi ni chumba na sebule. Sebule hiyo hiyo ndiyo stoo ya majembe, ndipo tunapokula, na ndipo watoto wanapotandika usiku.

Je, tope ni uchafu wa macho tu? Hapana. Mayai ya minyoo ya safura hutoka na kinyesi cha binadamu, huanguliwa katika udongo wenye unyevu, na vijiminyoo hivyo hupenya ngozi ya miguu. Vikifika tumboni hunyonya damu, na mtoto au mama mjamzito huishiwa damu polepole. Mayai ya minyoo mikubwa ya tumboni nayo huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi, yakimsubiri anayetambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni. Anayeleta tope ni mtu mzima. Anayeugua ni mtoto.

Katika nchi za baridi, baadhi ya nyumba zina chumba kizima cha kuvulia viatu. Wenzetu wa pwani huvua viatu mlangoni tangu enzi za mababu. Sisi hatuhitaji kuongeza chumba. Tunahitaji hatua mbili za eneo chini ya upenu, na utaratibu.

Kwanza, inueni eneo hilo. Mwanza hatuna uhaba wa mawe. Pangeni mawe, mwageni kokoto juu, na chimbeni mfereji mdogo wa kutoa maji. Upenu ukiwa mfupi, ongezeni bati moja.

Pili, wekeni kikwangulio. Chukueni jembe lililokwisha makali, lishindilieni ardhini kati ya mawe mawili, ubapa ukiwa juu. Kila anayeingia akwangue nyayo hapo. Kisha tandikeni gunia kuukuu, likung'utwe na kuanikwa juani kila siku.

Tatu, tengenezeni chanja ya viatu, isiwe ile ya vyombo. Viatu vya shule vikae juu, ndala chini. Buti za mpira zigeuzwe juu chini kwenye vigingi ili zikauke na nge wasiingie. Ndala za chooni ziwe na mahali pake peke yake na zisivuke kizingiti kamwe. Majembe na mapanga yatundikwe juu, mikono ya watoto isifike.

Nne, fungeni kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lenye tundu dogo, kamba, na kijiti cha kukanyaga. Maji hutoka kidogo kidogo, hivyo hata anayenunua maji hatapata hasara. Sabuni ining'inie pembeni, na beseni la kuoshea miguu liwe chini.

Najua mtauliza: na wezi je? Swali ni la haki. Usiku viatu na zana viingie ndani, lakini viwe vimeshakwanguliwa, na vikae ndani ya karai bovu au kreti nyuma ya mlango, si chini ya kitanda. Kwa wapangaji wa hapa senta wanaotumia korido moja, kreti hiyo na gunia vinatosha kwa kuanzia.

Nitoe tahadhari mbili. Bomba la kupulizia dawa ya pamba, chupa za dawa na nguo za kupulizia visiwekwe hapa. Vifungiwe kwa kufuli, mbali na chakula na watoto. Pia eneo hili halizuii kichocho. Kichocho huingia mwilini tukiwa ndani ya maji yenye konokono wake, ziwani au kwenye madimbwi. Wala halichukui nafasi ya choo bora na dawa za minyoo zinazotolewa shuleni.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi, kwa maana mawe na kamba si kazi kubwa. Utaratibu huu utavunjika siku ya kwanza kama baba atapita na buti zake hadi kwenye kiti huku mama na binti wakiinama kufagia nyuma yake. Mtoto hufuata anachokiona. Baba akivua, wote watavua. Na mgeni akipiga hodi, tusimwaibishe. Tumwekee ndala safi pembeni mwa mlango, naye ataelewa mwenyewe.

Ndugu zangu, nawaomba kila kaya ianze na kitu kimoja wiki hii: kikwangulio, gunia au kibuyu chirizi. Tukikutana tena, tutatembeleana na kuonyeshana milango yetu. Wenye watoto wanaotambaa wawe wa kwanza.